Mkwaruzo wa Sindano

Saa yenyewe, tusidanganyane, haikuwa kitu. Ilikuwa mojawapo ya zile saa za urembo zinazopangwa kwenye kadibodi kando ya barabara kuu ya Jinja, pamoja na hereni na vibanio vya nywele: mkanda wa rangi ya dhahabu isiyo dhahabu, kipepeo katikati ya uso, na vijiwe vya kumetameta kuzunguka ukingo. Vijiwe kadhaa vilikuwa vimeshadondoka. Mtu mwenye haja ya kweli na saa asingehangaika nayo. Lakini Nakato hakuwahi kuwa na nyingine, na asubuhi iliposimama alikaa kitandani mwake, katika chumba alichopanga Nabuyonga, Mbale, akaibandika sikioni, akaitikisa, akaibandika tena. Ilipokataa kabisa, alishikwa na woga.

Woga huo ulikuwa na asili yake. Nakato alikuwa pacha. Kwa Wasoga majina yenyewe hutangaza habari: msichana anayetangulia ni Babirye, anayefuata ni Nakato, na mama aliyewazaa huitwa Nabirye mpaka watu wanasahau jina alilokuja nalo. Na mapacha wana sheria yao, ya kwamba ukimpa mmoja umpe na wa pili, na kiwe kilekile. Nabirye aliishika sheria hiyo kwa meno. Gauni likishonwa, yanashonwa mawili. Soda ikifunguliwa, zinafunguliwa mbili, hata kama mmoja anaumwa tumbo na hataki kuiona. Mumewe, ambaye alikuwa askari magereza na sasa ni marehemu, alizoea kusema kwamba nyumba yake inatembea kwa gwaride. Basi hata Nakato alipofuata nyayo za baba akahitimu uaskari, na Babirye akafungua kibanda chake cha kushona pale nyumbani kwao Mpumudde, Jinja, mama alikwenda mjini akarudi na saa mbili zilizofanana kila kitu. Akawafunga mikononi mwenyewe, huyu kisha huyu.

Kisha Babirye akapata homa, na homa haikungoja mtu ajipange.

Huko kwao hawasemi pacha amekufa. Wanasema ameruka, basi, na neno lile jingine halitamkwi. Wazee wa ukoo walikuja wakalikumbusha hilo mapema, kabla hata ya chai: hakuna kulitamka, na hakuna kulia kwa sauti, maana aliyeondoka anasikia na anaweza kurudi kumchukua mwenziwe. Kwa hiyo hawakulia. Babirye alizikwa na saa yake mkononi, inatembea, na Nakato aliiona kwa macho yake kabla jeneza halijafungwa. Watu walisifu kwamba mama amejikaza. Kujikaza gani? Mwanamke tangu siku ile hakuvuka soko la Mpumudde, hakwenda harusi, hakwenda kwa dada yake Iganga, na mwimbo kanisani aliufungulia mdomo tu.

Kila Nakato alipokwenda nyumbani, kabla ya salamu, mama alimshika kifundo cha mkono. Alitazama saa, na kidole gumba chake kikapita chini yake, kama muuguzi anayetafuta mapigo. Kisha akashusha pumzi na kusema, "Karibu, mwanangu." Hakueleza, wala Nakato hakuuliza. Maadamu saa inatembea, mtoto naye yupo. Sasa saa haikutembea.

"Si ununue ingine?" alisema Aber, askari mwenzake na jirani yake, siku alipomwona bado ameivaa imesimama. "Hii kitu ya kitoto, unailinda hivi?"

"Ni betri tu," alijibu Nakato.

Alijiambia hivyohivyo kwa muda mrefu. Ni betri tu, nitaipeleka kesho. Ukweli ni kwamba aliogopa kuipeleka, isije ikawa si betri. Akaacha hata kwenda nyumbani. Mama akipiga simu, Nakato alikuwa na zamu. Akipiga tena, kuna mgeni wa serikali anakuja kukagua gereza. Kazini watu walioliona jina lake kifuani walizoea kumuuliza, kama wanavyouliza Waganda wote wa nchi hii kila wakutanapo na pacha, Babirye yuko wapi? Naye alijibu, "Yuko nyumbani." Haikuwa uongo. Kaburi lilikuwa nyuma ya jiko.

Mvua zilianza, zikanyesha, zikakatika. Mahindi yakavunwa. Ndipo mama alipopiga simu ya mwisho, na hakuuliza habari za kazi. "Kama unaficha jambo," alisema, "njoo ulifiche mbele yangu." Akakata.

Nakato akampelekea Nasif ile saa siku ya kwanza ya mapumziko yake.

Nasif alikuwa fundi saa kwenye baraza la duka moja la jumla, si mbali na mnara wa saa ulio katikati ya mji wa Mbale. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kofia imekaa upande, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni hata anapokunywa chai. Mezani pake palikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa saa mbovu. Mle ndimo alimopata mishale, vifungo na vipande vya mikanda vya kuponyea saa za watu wengine.

"Afande, karibu. Leta tuone." Akabandua mfuniko wa nyuma, akaguna. "Betri mimi naweka, lakini haitasaidia. Hii ya zamani imetoa maji, na maji imekula mashine yote. Ona kutu. Hii imekufa, afande."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje sasa? Imekufa ni imekufa."

"Sema imeharibika. Halafu tengeneza."

Nasif akacheka. Akamweleza kwamba saa za namna hii hazitengenezwi, zinabadilishwa. Kwamba waliozitengeneza wenyewe walizibandika kwa gundi wakaenda zao kulala. Lakini alipoona uso wa mteja wake haucheki, akaingiza mkono kwenye droo akatoa mashine mpya. "Tujaribu. Na huyu nani alikwaruza hapa nyuma na sindano?"

Nakato akainama kuangalia. Kwenye mfuniko, karibu na ukingo, palikuwa na mstari mmoja mfupi, mwembamba kama unywele.

"Sijui," alisema. "Imechakaa tu."

Walijaribu. Mishale ya zamani haikukaa kwenye mashine mpya. Mmoja ulikuwa unaning'inia kama mlevi. Nasif akautia nguvu kidogo, akafunga, akabana kioo kirudi mahali pake, na kioo kikalia kr! kikapasuka kutoka ukingo mpaka kwenye bawa la kipepeo.

"Astaghfirullah," alisema Nasif. Akanyanyuka, akaingia dukani, akarudi na kiboksi. Ndani yake mlikuwa na saa ileile, dhahabu ileile isiyo dhahabu, kipepeo yuleyule, vijiwe vyote vipo. "Afande, makosa ni yangu. Chukua hii. Ile niachie, itasaidia saa zingine."

Hapo Nakato alisimama muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kuzibeba zote mbili kulikuwa hatari, maana mama yake, kama akina mama wengi, hupekua mfuko wa mtoto kutafuta nguo za kufua. Kuiacha kulimchoma. Lakini alikuwa amechoka kuogopa, na hiyo mpya ilikuwa inatembea, tik, tik, bila kumdai chochote. Akapiga moyo konde.

"Chukua," alisema, na Nasif akaidondosha ndani ya kopo.

Jioni ile majirani wa Nabuyonga wangepita wangeona kichekesho: askari magereza mzima, amekaa kizingitini na kibanio cha nyusi, anaizeesha saa. Aling'oa vijiwe mahali palepale vilipokosekana kwenye ya zamani. Akausugua mkanda kwenye saruji mpaka ukafifia. Akafanya kazi safi, na moyoni akajichukia. Hakuwahi kumdanganya mama yake kwa kitu cha kushikika. Na kulikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi, nalo ni kwamba saa ile mpya ilimpendeza. Alikuwa na kitu ambacho Babirye hakuwa nacho, mara ya kwanza tangu azaliwe, na mkono wake ulikuwa kama umekiiba.

Siku iliyofuata alishuka Jinja, akachukua boda mpaka Mpumudde. Mama alikuwa uani anamenya viazi vitamu, karanga zimeshatwangwa. Akaacha kisu. Akaja, akamshika kifundo.

Akatazama. Saa ilikuwa inatembea. Nakato akaona mabega ya mama yakianza kulegea. Kisha kidole gumba kikapita chini, kikapapasa, kikarudi, kikapapasa tena.

"Hii siyo," alisema Nabirye.

"Siyo nini, Mama?"

Mama alifungua kishikizo, akaigeuza saa, akauangalia mgongo wake uliokuwa laini na mtupu. Nakato, ambaye kazini alisikiliza uongo wa wafungwa mchana kutwa na kuutambua ukiwa bado mdomoni, alitafuta wake asiupate.

"Ile ilisimama," alisema.

"Lini?"

"Mvua zilipoanza."

"Mvua zilipoanza." Nabirye alikaa kwenye kigoda. Alitazama mahindi yaliyoanikwa uani, yamekauka, tayari kupukuchuliwa. "Na wewe hukuugua?"

"Sikuugua."

"Hata kichwa?"

"Hata kichwa, Mama. Nilikuwa naogopa tu. Nilifikiri ukiiona imesimama utaanguka."

Mama alizungumza kwa Kisoga cha polepole, macho yake kwenye viazi.

"Zile saa zilifanana mno. Plate zenu nilizijua kwa rangi, mashuka kwa nyuzi, lakini zile saa hata mimi zilinishinda. Kabla ya kuwapa nilizikwaruza kwa sindano nyuma. Mstari mmoja wa Babirye, miwili yako. Siku ile ya kumzika, ulivua yako ukaenda kuoga. Nikaichukua. Nikamfunga mwenzako yako wewe, na ya kwake nikaiweka pale ulipoacha yako. Nilitaka aende na kitu chako, ashike hicho, asirudi kukutafuta. Na wewe ubaki na chake." Alipapasa tena mgongo mtupu wa saa. "Kila ukija naupapasa ule mstari. Nilikuwa namsalimia."

Nakato akaketi chini, kwenye vumbi, na nguo zake za safari.

"Iko wapi?" aliuliza mama.

"Kwa fundi. Mbale."

"Ameiweka wapi?"

"Kwenye kopo, Mama. Pamoja na mbovu zingine."

"Umemwacha mwenzako ndani ya kopo," alisema Nabirye.

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma. Kisha yule mwanamke ambaye hakuvuka soko tangu mazishi aliinuka, akafunika viazi, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani, mkanda wa kiunoni umefungwa vizuri. "Twende," alisema.

Wakapanda gari la Mbale. Walipopita Iganga mama alitazama upande wa kwa dada yake. Walipovuka mto Mpologoma aliwatazama watu waliokuwa wameinama kwenye mpunga, akasema tu kwamba mwaka huu mpunga umekubali. Nakato aliishika saa mpya mfukoni, hakuthubutu kuivaa. Kichwani alikuwa na sala moja, kwamba Nasif asiwe ameitupa.

Nasif alimtambua kwa mbali. "Afande, imesumbua tena?" Kisha akamwona mama mwenye gomesi nyuma yake, akaondoa kioo jichoni, akampa kigoda.

Nakato alimweleza. Nasif hakuuliza swali, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Alitandika kitambaa mezani akalimwaga kopo lote. Zilikuwa nyingi, za kila rangi, zimefunguka, zimepinda, na zenye vipepeo hazikuwa moja wala mbili. Ule mtindo ulikuwa umeuzika sana. Nakato akaanza kuzipindua moja moja akikaza macho. Nabirye hakutumia macho. Alizichukua, akazipitishia kidole gumba mgongoni, akaziweka kando, kama anayechambua mchele. Hii siyo. Hii siyo. Kisha kidole kikasimama.

"Huyu hapa," alisema.

Kioo kilichopasuka kilikuwa kimeondolewa kabisa. Ndani hamkuwa na mashine wala mishale, ila kipepeo peke yake, amekaa katikati ya tarakimu asionyeshe chochote.

Nasif alijikuna chini ya kofia. Mama alikuwa amemsemesha kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha kambini alichojifunza miaka yote ya kuishi nyumba za magereza na mumewe, naye akamjibu kwa hicho hicho. "Mama, pole sana. Mishale yake nilitoa jana. Iko kwa mtu mmoja wa mtaa wa Namatala sasa."

"Inatembea?"

"Inatembea vizuri kabisa."

Nabirye akatikisa kichwa kukubali. "Basi."

"Naweza kutafutia mishale ingine," alisema Nasif, "lakini nisikudanganye, Mama. Hii yenyewe ilikufa."

Nakato alimkata jicho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Aliona mkono wa mama ukifumba juu ya saa.

"Najua," alisema Nabirye. "Na mwenyewe alikufa." Kidole gumba chake kikapapasa ule mstari. "Mtoto wangu Babirye alikufa. Mimi mwenyewe niliosha yeye, na alikuwa amekufa."

Kwa Kisoga asingeweza. Nakato alilijua hilo, kwa sababu yeye pia hakuweza, ulimi ungekwama. Lakini Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya amri na foleni, lugha ya baba akirudi kazini, na hakuna mzee wa ukoo aliyewahi kukaa kikao kukiwekea miiko. Hata hivyo alisubiri. Alisubiri kitu kimjie, kizunguzungu, baridi, mkono wa mtu begani. Boda ziliendelea kupiga honi. Mwanamke mmoja alikuwa anabishana na mwenye duka kuhusu mabeseni. Nakato alisimama pale, mzima, na hakuna aliyekuja kumchukua.

Ndipo mama alipolia. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, barazani kwa watu, kilio kilichokuwa kimewekwa tangu siku ile ya jeneza. Nakato akapiga magoti, akaweka kichwa chake kwenye mapaja yenye gomesi, akalia naye, na wala hakujali kwamba wafungwa wa kazi za nje, wakipita na askari wenzake, wangemwona. Nasif akawapa mgongo, akasimama mbele yao kuzuia macho ya wapita njia.

Walipotulia, Nabirye alijipangusa kwa ncha ya mkanda wake. Akaichukua ile saa tupu, akaifunga mkononi mwake mwenyewe. Miaka yote ya kununua viwili viwili hakuwahi kujinunulia cha tatu. Mkanda ulimbana kidogo.

"Mama, nichukue nyingine kama hii mpya?" aliuliza Nakato, akiitoa mfukoni. "Tukaiweke kaburini? Ziwe mbili?"

Nabirye aliitazama kwa makini. Akaona zile tundu za vijiwe vilivyong'olewa, akaona mkanda uliosuguliwa, na kitu karibu na kicheko kikampitia usoni.

"Uliitesa bure, maskini," alisema. "Hapana. Usinunue ya pili. Hiyo ni yako."

"Yangu?"

"Yako wewe. Peke yako."

Akamfunga mwenyewe, kama siku ile, ila sasa hakukuwa na mwingine wa kugeukia baada yake. Nakato aliuangalia mkono wake, akaona aibu, akaona furaha, na vyote viwili vikakaa.

Wakamuaga Nasif, wakaelekea stendi. Walipofika kona mama alisimama, akainua mkono wake kwa mazoea ya mtu anayevaa saa, akamwona kipepeo asiye na mishale. Akaushusha, akamgeukia mwanawe.

"Saa ngapi sasa, Nakato?"

Nakato akatazama ya kwake, akamwambia.